Fundi kasema lenta, wewe umeelewa nini?

Kabla hujaendelea kufunua kurasa nina swali moja kwako. Hivi wewe na mwenzio mkisema "nyumba yetu imeisha", mna maana moja? Usijibu haraka haraka. Muulize leo jioni mkiwa mezani, halafu msikilizane. Mtashangaa wenyewe.

Kwa kaka zangu wengi ninaowasikia wakipiga soga, nyumba imeisha pale bati likishapigwa. "Nimeshamaliza bwana, bado finishingi tu." Kwa dada zangu wengi, nyumba imeisha siku unafungua bomba jikoni na maji yanatoka, na chumbani kuna mlango wenye kitasa. Kati ya sentensi hizo mbili kuna miaka, kuna mkopo wa pili, na kuna kununiana. Hilo neno "finishingi tu" ndilo ghali kuliko yote katika ujenzi. Ndani yake kuna ripu, nyaya za umeme, mabomba, fremu, milango, madirisha na grili zake, dari, vigae, rangi, makabati, ukuta wa nje na geti. Hiyo "tu" inafanya nini hapo sijui.

Nimekaa sana na wanandoa vijana na wachumba wanaojenga, saluni, ofisini, kwenye vikao vya harusi za wenzao. Unamkuta mtu na mwenzie wamenuniana wiki mbili, ukiuliza unaambiwa ni hela. Ukichimba kidogo unakuta ni neno. Mmoja kaambiwa neno na fundi kule saiti, kalipeleka nyumbani, mwenzie kalisikia vingine, hela ikatoka. Jumamosi wanakwenda kuangalia, hakuna anayeona kilichofanyika. "Si ulisema ni lenta? Mbona mimi naona mbao tu?" Hapo sasa ndiyo yanaanza ya simu kufunguliwa usiku na maswali ya hela imekwenda kwa nani.

Kwa hiyo mwezi huu tupige darasa. Sikufundishi ukandarasi, wenye kazi zao wapo. Nataka tu mjue neno mnalolilipia.

Tuanzie kwa dalali, maana ndiko wengi tunakoanzia. Dalali anasema: "Kiwanja ni ishirini kwa ishirini, kimepimwa, hakina mgogoro." Sentensi moja, mitego miwili. Ishirini za nini? Wewe uliyesoma unasikia mita. Mwenye shamba kule Chanika au Kisarawe anaweza kuwa anazungumzia hatua za miguu. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ina kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15, na kiwanja chako kinakuwa mita za mraba 225. Karibu nusu imeyeyuka na hakuna aliyesema uongo! Wazee wanaosema ekari ni hatua 70 kwa 70 wanahesabia hatua ndefu ya yadi nzima, ile ya mtu anayetembea kama yuko gwaride. Siku ya kuonyeshwa eneo nendeni wawili, na nendeni na futi kamba yenu.

Halafu "kimepimwa". Kuna kupimwa kwa kamba na vijiti, kazi ya dalali na binamu yake. Kuna kupimwa na mpima ardhi aliyesajiliwa, akasimika bikoni za zege pembeni, lakini ramani ya upimaji bado haijaidhinishwa wizarani. Na kuna kupimwa kwenyewe, ambapo ramani imeidhinishwa na kiwanja kina namba na kitalu. Ukiambiwa kimepimwa, uliza tu kwa upole: "Kiwanja namba ngapi, kitalu gani?" Anayeuza kitu cha kweli anajibu hapo hapo, na wewe unakwenda na hizo namba ofisi ya ardhi kufanya upekuzi. Anayeanza kukuelezea habari za barabara ya lami inayokuja, mshukuru kwa muda wake.

Karatasi nazo zina ngazi zake, msizichanganye. Ile ya serikali ya mtaa yenye muhuri na mashahidi inaonyesha kwamba mlikaa mkauziana. Siyo hati. Leseni ya makazi inatolewa kwa maeneo ambayo hayajapangwa, kwa muda mfupi. Ofa ni barua inayokukubalia umilikishwe kwa masharti fulani. Hati ndiyo hati, na hata hiyo ina mwisho: kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi, na sisi tunapewa haki ya kuikalia kwa kipindi, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Mtu akikwambia "nina hati", mwambie akuonyeshe, kisha soma miaka na soma jina. Hasa jina. Nitalirudia hilo.

Sasa tuingie saiti. Msingi kila mtu anaujua, lakini kuna jamvi. Dada mmoja mhasibu aliniambia alipotumiwa ujumbe "tunaomba hela ya jamvi" alidhani mafundi wanataka kitu cha kukalia mchana wakila. Ana haki kabisa. Jamvi tunalolijua sisi ni lile la ukili linalotandikwa msibani na kwenye ngoma. Fundi kaliazima kwa sababu ndivyo lilivyo, zege linalotandazwa juu ya msingi nyumba nzima, ndilo sakafu itakayobeba vigae vyako. Lugha ya mafundi imejaa mambo ya namna hiyo, na mimi naipenda. Mwiko wa mama wa kusongea ugali na mwiko wa fundi wa kurushia ripu ni ndugu. Vyote vinageuza kitu kizito kabla hakijakauka.

Ukuta unahesabiwa kwa kozi, yaani mstari mmoja wa tofali kuzunguka nyumba. "Leo tumepiga kozi nne" ni taarifa unayoweza kuihakiki kwa kidole. Uliza pia tofali zimelazwa au zimesimamishwa. Kwenye msingi kwa kawaida zinalazwa ili ukuta uwe mnene, kwa hiyo zinaliwa nyingi. Juu zinasimamishwa. Mume aliyehesabu tofali za kusimamisha akaona za kulaza zinaisha mapema, anafikiri kaibiwa. Pengine hajaibiwa. Pengine.

Tofali zenyewe nazo zina maswali yake. Anayekufyatulia anatamba kwamba mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unampa tofali 50 za nchi 6. Hiyo siyo sifa, ni onyo. Akikwambia 30 hivi, huyo ana dhamiri. Chukua moja, iachie kutoka usawa wa kiuno, uone.

Haya, lenta. Hapa ndipo ndoa nyingi hutikisika, kwa hiyo twende polepole. Kitabuni lenta ni boriti ya zege inayokaa juu ya mlango au dirisha ili ukuta wa juu usishuke. Lakini fundi wa Dar akisema lenta, mara nyingi anazungumzia mkanda mzima wa zege na nondo unaozunguka nyumba yote katika usawa huo. Ona tofauti ya hela hapo! Wewe unafikiria vipande kumi vya juu ya madirisha, mwenzio analipia mkanda wa nyumba ya vyumba vitatu. Wote mnasema "lenta", wote mna haki, na kila mmoja anamwona mwenzie ana lake.

Halafu kuna hili la "naona mbao tu". Zege likiwa bichi halijishiki lenyewe. Linamwagwa ndani ya kisanduku cha mbao, wenyewe wanaita shata, na chini yake linaegemezwa kwa mirunda. Kwa hiyo ukienda saiti siku mbili baada ya kutuma hela ya lenta, kweli utaona mbao na miti, lenta imo ndani. Kitu cha kukagua ni kabla halijamwagwa: nondo ni ngapi, za milimita ngapi, ringi zimefungwa kila baada ya sentimita ngapi. Piga picha. Likishamwagwa, limefunika mazuri na mabaya.

Nondo ya milimita 10 na ile ya milimita 12 kwa macho zinafanana, tofauti ni milimita 2 tu. Ila ukizikata, ile ya 10 ina chuma pungufu kwa karibu asilimia 30. Risiti inasema 12, ukutani imeingia 10, na tofauti imeingia mfukoni mwa mtu. Zege nalo lina wimbo wake, "moja, mbili, nne": saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Sasa moja ya nini? Karai. Na karai la saruji likifutwa bapa, la mchanga likijazwa mlima, wimbo ule ule unatoa zege jingine kabisa. Maji nayo yana mkono wake, fundi mvivu huyazidisha ili zege limiminike lenyewe asichoke.

Na likishamwagwa linataka muda. Linaendelea kukomaa kwa wiki kadhaa, ndiyo maana wahandisi hupima nguvu yake baada ya siku 28, na siku za mwanzo lazima limwagiliwe maji lisikauke kwa jua. Fundi aliyekodi mbao anataka kuzirudisha upesi maana kodi inakimbia, kwa hiyo atakwambia "hii imeshashika". Kushika na kukomaa ni vitu viwili. Jiji letu linajua hilo kwa machozi. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar liliporomoka na kuua watu 36, na Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka watu wakiwa ndani, wakafa zaidi ya 20. Mnaojenga ghorofa, hata kama ni moja tu la kutazamia machweo, msimwachie fundi wa mtaani. Kuna wahandisi, kuna wabunifu majengo, kuna wakadiriaji majenzi, wana bodi zao na namba za usajili zinazoulizika. Mkadiriaji majenzi ndiye atakayewaandikia mchanganuo wa gharama, kila kitu na idadi yake na bei yake. Hiyo karatasi mkiwa nayo wote wawili, nusu ya ugomvi wa nyumba hii haupo.

Juu ya lenta zinapanda kozi chache, halafu kenchi, halafu bati. Hapo kuna mtego mmoja mzuri sana. Nondo, namba ikiwa kubwa, chuma ni kinene. Bati ni kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kuna mzee mwenye duka aliyenichekesha, anasema vijana wanakuja wamevaa suti wanasema "nipe ile kubwa, 32", na yeye anawapa. Mteja ni mfalme!

Na upana wa vyumba, jamani. Kila mtu sasa anataka masta ya kuchezea mpira na sebule isiyo na nguzo. Ni sawa, ila kila mita unayoongeza katikati ya kuta mbili, kenchi yako inanenepa. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu na vyembamba, mara nyingi kama mita 3 tu upana, kwa sababu boriti ya mkoko ndipo ilipoishia. Chumba kilifuata mti. Sisi tunachora chumba kwanza kwenye simu halafu tunautafuta mti.

Basi, kuta zimesimama, bati bado au ndiyo kwanza limepigwa, hakuna mlango. Hilo ndilo boma, na njia nzima ya Bagamoyo imejaa maboma. Mengine yana mibaazi ndani. Sasa nisikilize vizuri, hasa wewe ambaye hela yako imo humo na jina lako halimo popote.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya ndoa. Mume au mke mwenye jina haruhusiwi kuiuza, kuipangisha, kuigawa wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzie. Wengi mnalijua hilo na mnalala usingizi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema nyumba ya ndoa ni jengo ambamo mume na mke kwa kawaida wanaishi pamoja. Rudia kusoma: wanaishi. Mnaishi Sinza kwenye nyumba ya kupanga, boma liko Mapinga. Hamjalala humo hata siku moja. Kwa maana hiyo ulinzi huo ni mgumu kuutegemea kwa boma, na neno dogo tu, boma badala ya nyumba, linaweza kukuweka nje ya geti ambalo halijajengwa.

Kinachobaki ni jina na ushahidi. Mali ikiwa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni ya huyo, mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inaanza kwa kudhani mna haki sawa. Hiyo ni tofauti ya kubeba mzigo. Nani atasimama mbele ya hakimu kuthibitisha? Asiye na jina. Na hata majina mawili yana namna mbili. Kuna kumiliki kwa pamoja, ambapo mmoja akifariki haki yake inabaki kwa mwenzie, na kuna kumiliki kwa mafungu, ambapo fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Jazeni fomu mkijua mnachagua ipi, maana shemeji zako nao wanajua kusoma.

Mke asiye na mshahara asikate tamaa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu siku ile, lakini hoja ilisimama, na wanawake wengi wamepita juu ya daraja hilo tangu hapo. Na ninyi mnaoishi pamoja bila cheti, mkikaa miaka miwili au zaidi na watu wakiwajua kama mume na mke, sheria inaweza kuwadhania kuwa ni wanandoa. Inaweza. Inapingika pia. Msijenge juu ya "inaweza".

Najua kuna anayesoma hapa anasema huyu mhariri anatufundisha kutoaminiana. Hapana, dada. Hapana, kaka. Nimeona wapenzi wawili, wote waajiriwa, walioamua tangu siku ya kwanza kwamba kila risiti inaandikwa majina yote mawili na kila hela ya fundi inatumwa na maelezo: "lenta, mkanda mzima", "kokoto lori moja". Mwanaume ndiye aliyelianzisha. Alisema anasafiri sana, barabara zetu anazijua, hataki siku moja mke wake aulizwe na wakwe kama alichangia nini. Niambie kama hayo siyo mapenzi.

Na bado kuna lugha moja ambayo haimo kwenye mchanganuo. Mafundi wetu wanamwita mwanaume "bosi" na mwanamke "shemeji". Anafika dada wa watu, ndiye aliyekopa kazini, ndiye anayelipa, anauliza mbona dirisha la masta limehamia upande wa jua, anajibiwa: "Shemeji, ngoja bosi aje tuongee." Dawa ni bosi mwenyewe. Siku ya kwanza saiti, mbele ya fundi mkuu na saidia fundi wote, sema wazi: "Huyu akisema bomoa, bomoa. Msinipigie." Mara moja inatosha, wanaelewa vizuri sana. Ila usiseme hivyo halafu ukampigia fundi usiku kumwambia asibomoe, kama alivyofanya bwana mmoja wa Goba. Dirisha lile liko pale pale mpaka leo, na pazia lake halifunguliwi.

Mwezi ujao tunaingia chooni: chemba, shimo la maji machafu, choo cha masta na choo cha publiki, na kwa nini fundi bomba na fundi tofali hawajawahi kupatana tangu dunia iumbwe. Kama kuna neno mlilolilipia bila kulijua, tuandikieni. Majina tutayaficha, hasa kama mwenzio naye analisoma jarida hili.